Sikio la Poongodi

Alamelu alikuwa mpambaji wa maharusi pale Kumbakonam. Mama mkwe aliyekuja harusini na malalamiko yake tayari mdomoni, akimwona mwali aliyetoka mikononi mwa Alamelu, aliyameza yote na kuomba maji ya kunywa. Mumewe Ekambaram alikuwa mpiga zumari wa harusini, kwa hiyo mara nyingi walitoka nyumbani pamoja alfajiri, mume na zumari lake kwapani, mke na sanduku lake la mapambo.

"Mnakwenda kumwoza nani leo?" majirani waliwatania.

"Yeyote mwenye shingo," Ekambaram alijibu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na vidani vya fedha vilivyopakwa dhahabu, vyenye vijiwe vyekundu na vya kijani, na herini za kila urefu. Lakini vidani hata wengine walikuwa navyo. Alichokuwa nacho Alamelu ni jicho. Mwali mwenye shingo fupi hakumbana koo hata mama yake angelia. Alimshushia mkufu mrefu mpaka tumboni, herini ndefu zikapata pa kuning'inia. Mwenye shingo ndefu alimfunga kidani cha kubana, kisha akamtilia herini za vikengele zilizoishia hewani, katikati ya taya na bega.

"Kidani na herini ni wake wenza," alikuwa akisema. "Wakae nyumba moja, lakini kila mmoja na mlango wake. Kati ya ncha ya herini na ukingo wa kidani sharti kidole kipite. Kisipopita, vua kimoja."

Na herini nzito hakuzivalisha kamwe bila mkufu wa sikio, ule mkufu mwembamba unaotoka kwenye herini, ukapita juu ya sikio na kushikizwa kwenye nywele, ili uzito ubebwe na kichwa badala ya ndewe. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyofanya miaka yote.

Kisha akaja Nirmala. Alikuwa msichana wa juzi tu, amefungua duka la urembo karibu na stendi ya mabasi, na picha za maharusi wake zilizunguka kwenye simu za watu mpaka vijijini. Maharusi wa Nirmala walivalishwa kila kitu kwa pamoja, kikubwa juu ya kikubwa. Alamelu alizitazama zile picha kwenye simu ya jirani, akabetua midomo. "Hawa wamepambwa au wamepakiwa mizigo?" aliuliza, na wote wakacheka. Lakini jioni alimwomba jirani amwonyeshe tena. Msimu ule, nyumba mbili zilizokuwa zikimwita tangu enzi za mama yake zilimwita Nirmala.

Alamelu akaanza kulala vibaya. Akasafiri mpaka Nagercoil kwa masonara wa mapambo ya hekaluni, akarudi na kidani kipya cha kubana shingo, kipana kama kiganja, chenye petali zilizosimama pembeni kama za yungiyungi. Alikificha kwenye kitambaa akimsubiri mwali wa kukivaa.

Mwali mwenyewe akawa Poongodi, binti wa Govindan mfuma sari. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaota meno, akalelewa na shangazi yake Visalam, mjane, mwanamke mkavu wa mwili na wa maneno, aliyemsomesha mpaka akawa mwalimu wa shule ya msingi. Mchumba, Ilango, alitoka kwa watu wenye duka la vyombo vya shaba katika barabara ya hekalu. Poongodi alikuwa na shingo ndefu na uso wa kutulia. Alamelu alipomwona mara ya kwanza, alimpima shingo kwa jicho. "Huyu," alijisemea, "huyu Nirmala atamwona kwenye simu na kukosa usingizi."

Asubuhi ya harusi, katika chumba cha nyuma cha ukumbi, Alamelu alimfunga Poongodi kile kidani kipya. Halafu akachukua herini ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, za vikengele vitatu kimoja chini ya kingine, akamvalisha.

Herini zilishuka zikalala juu ya petali za kidani. Kidole hakikupita. Hata ukucha usingepita.

Alamelu aliliona hilo. Lakini mwali alikuwa akimeremeta kuanzia masikioni mpaka kifuani bila pengo, kama mlango wa hekalu siku ya sikukuu. Mpiga picha alikuwa mlangoni akiwasha taa zake. Alamelu akaipachika mikufu ya masikio, akarudi nyuma hatua moja, akatazama. Mikufu ilikata shavu, ikaivunja ile sura. Akaivua, akairudisha sandukuni.

"Akka," Poongodi alisema. Ndivyo wote walivyomwita, dada mkubwa. "Akka, zinavuta. Hili la kushoto linauma."

"Ukitaka uzuri sharti udhurike. Ni saa moja tu, mwanangu. Tulia."

Wakati huo Visalam akatokea mlangoni. Hakuingia, mjane haingii anapopambwa mwali, na yeye aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Alisimama nje ya kizingiti, mikono nyuma, akamtazama mtoto aliyemlea. Macho yakamlainika. Kisha yakaenda kwenye masikio.

"Mpambaji," alisema, "masikio ya mtoto huyu ni membamba. Utotoni yalioza matundu, nikayauguza mwaka mzima kwa manjano na mafuta. Herini hizo zitamkata."

Ndani walikuwa wanawake wa pande zote mbili, na mmoja wao alikuwa Rukmani, mama yake Ilango. Wakageuka wote. Alamelu aliona aibu ya kusahihishwa mbele ya wateja, na kwa sababu aliyemsahihisha alikuwa amesema kweli, aibu ikageuka hasira.

"Mama, nimepamba masikio mengi kuliko nywele ulizobakiza kichwani. Nenda ukaangalie wali usiungue."

Wanawake wakacheka. Visalam akatazama chini, akaondoka. Mpiga picha akaingia, akapiga, na picha ikatoka nzuri kupita alivyotumaini Alamelu.

Ikafika wakati wa kuvishana makoja ya maua. Mnajua vijana walivyo pale: wajomba wanawanyanyua maharusi mabegani, bwana harusi anakwepa, bibi harusi ananyoosha mikono, watu wanapiga kelele, zumari linapanda juu. Ekambaram alikuwa akipuliza mashavu yamemvimba. Ilango akafanikiwa kumvisha Poongodi koja, koja zito la asumini na waridi lililosokotwa na nyuzi za fedha. Likatua juu ya kidani na kukikandamiza chini. Kikengele cha herini ya kushoto kilikuwa kimenasa kwenye petali, hakuna aliyekiona. Poongodi, akicheka, akageuza kichwa.

Hakupiga kelele. Alisema "Ah" ndogo, akaweka mkono sikioni, na mkono ukarudi mwekundu. Ndewe ilikuwa imechanika kuanzia kwenye tundu mpaka chini, vipande viwili vinaning'inia. Damu ikadondokea kwenye sari aliyoifuma baba yake mwenyewe.

Zumari likakatika.

Wakamshusha, wakamfunga kitambaa, na kwa kuwa saa njema ya ndoa haingoji mtu, akafungwa uzi wa ndoa hivyo hivyo, kitambaa kikiendelea kulowa, kisha akapelekwa kwa daktari kushonwa. Alamelu alisimama kando ya nguzo na sanduku lake. Alikuwa anasubiri waje wamuulize. Maneno alikuwa nayo: kosa ni langu, niliona kidole hakipiti. Aliyashika ulimini kama mtu aliyeshika maji kinywani.

Lakini hakuna aliyemuuliza. Sauti ya Rukmani ilifika kabla.

"Alisema! Nyote mlimsikia! Alisimama mlangoni akasema herini zitamkata, na zikamkata. Mjane ana ulimi mweusi. Anasema kitu, kinatokea!"

"Kweli, alisema," mwingine akadakia. "Hata neno lenyewe ni hilohilo, kukata."

"Alimzika mumewe, akamzika wifi yake. Sasa alitaka na huyu."

Visalam alikuwa ametoka jikoni mikono ikiwa na unga. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa ghafla. Macho yake yakaenda kwa Alamelu, yakakaa hapo. Hayakuomba kitu. Yalikuwa yakingoja tu, kwa kuwa mle ndani mtu mmoja alijua.

Alamelu akafungua sanduku, akaanza kupanga vidani ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Govindan akamshika dada yake mkono, akamtoa kwa mlango wa nyuma. Hata chakula cha harusi Visalam hakula.

Sikio likashonwa, likapona. Picha nayo ikazunguka. Watu walisema hawajapata kuona mwali kama yule, na waliojua habari ya sikio walisema ndiyo maana, uzuri ule usingekosa kuvuta kijicho. Nyumba mbili zilizomkimbia Alamelu zikarudi. Nirmala mwenyewe akaja kumsalimu kwa heshima, akaomba kukiona kile kidani. Alamelu akamwambia amekiuza. Hakukiuza. Alikuwa amekifunga kwenye kitambaa na kukisukuma chini ya gunia la mchele, na kila alipochota mchele, mkono wake uliogopa.

Akaanza kuwa mgumu na mikufu ya masikio. Hata herini nyepesi za mtoto alizifungia mkufu. Akirudi nyumbani alijipima kidole shingoni bila kujijua.

"Unatafuta nini hapo?" Ekambaram alimuuliza.

"Sitafuti kitu."

Asubuhi moja alikwenda kununua asumini. Muuza maua alikuwa ndiyo kwanza anatandaza mikeka yake, na mbele yake alisimama Visalam, peke yake, na kikapu mkononi.

"Subiri kidogo, mama," muuza maua alikuwa akimwambia, bila ubaya. "Aje mtu mwingine afungue mauzo, kisha nitakupa. Usinielewe vibaya. Watu wanasema..."

"Najua wanavyosema."

Muuza maua akamwona Alamelu, uso ukamkunjuka. "Akka, karibu! Nifungulie siku!"

Alamelu akanunua. Angeweza kukataa. Angeweza kusema, mpe huyu kwanza, amefika kabla yangu. Alisimama pale, maua yakapimwa, yakafungwa kwenye jani, akayapokea. Ilibidi ampite Visalam ili aondoke.

"Sikio limepona?" Visalam aliuliza.

"Limepona, nasikia. Wewe... hujamwona?"

"Mimi kwenye nyumba ile sina ndewe wala sikio. Wameniambia nisivuke mlango, na yeye ameanza maisha, sitaki agombane nao." Akahamisha kikapu mkono wa pili. "Akiwa mdogo alikuwa halali mpaka ashike kidole changu. Basi. Nenda, maua yatanyauka."

Siku hiyo Alamelu alimpamba binti wa watu vibaya mpaka mwali mwenyewe akauliza kama kuna tatizo. Jioni akamweleza mumewe yote, tangu duka la Nirmala mpaka kwenye mikufu aliyoivua.

Ekambaram alisikiliza akifuta zumari. "Sasa unataka nini? Watu wamekwisha sahau."

"Wamesahau sikio. Hawajamsahau Visalam."

"Ukisema, nani atakuita tena? Mpambaji aliyemchana mwali sikio kwa sababu ya picha."

"Hilo nalijua."

"Na mimi wataniita? Mume wa huyo?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaogopa, na Alamelu aliona, kwa sababu woga huo aliujua vizuri. Ndio uliomfunga mdomo harusini. Miezi ikapita naye akiwa bado amenyamaza, na kimya chake kikawa kinanenepa kama paka wa jikoni.

Kisha Rukmani akamwita. Poongodi alikuwa mjamzito, miezi imetimia ya kuvishwa bangili, ile siku wanawake wanapomjaza mja mzito bangili za vioo mikononi mpaka viwikoni ili mtoto asikie mlio wake tumboni. "Mpambe kama siku ile," Rukmani alimwambia kwenye simu, "ila masikio uyaache."

Alamelu alimkuta Poongodi ameketi kwenye kigoda, amenenepa mashavu, miguu imevimba. Sikio la kulia lilikuwa na kipini kidogo. La kushoto halikuwa na kitu. Kovu lilishuka kama mshono kwenye shuka. Alamelu akamchana nywele, akamsokota, akamfunga asumini.

"Shangazi yako atakuja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Aliyejibu ni Rukmani, kutoka kwenye sinia la bangili. "Yule? Na ulimi wake ule? Aje amtazame tumbo? Akka, we vipi! Sikio hushonwa. Mtoto nitamshona wapi?"

Wanawake wakaguna, wakakubaliana. Mmoja akatema mate pembeni kufukuza mkosi.

Alamelu akaweka kitana chini.

"Mimi ndiye niliyemchana sikio," alisema.

"Umesemaje?"

"Zile herini zilikuwa ndefu kupita kidani. Niliona. Mtoto mdogo angeona. Zilinasa kwenye petali, koja lilipokandamiza zikavuta. Na mikufu ya masikio niliivua mimi, kwa mikono hii, kwa sababu iliharibu picha. Mama Visalam hakumtakia mabaya mtoto. Aliona nilichokiona mimi, ila yeye akasema na mimi nikamtukana. Kisha mkamwita mchawi nami niko pale, nikanyamaza."

Kisha Rukmani akasimama, bangili zikamwagika kutoka mapajani. Alikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe haikujua iende wapi.

"Mwaka mzima!" alisema. "Mwaka mzima umeniacha nimseme mama wa watu kila nilipokaa? Umenifanya mimi mwendawazimu wa mji?"

"Ndiyo, mama."

"Nilikulisha kwa mkono wangu siku ile!"

"Ulinilisha. Yeye hakula."

Ndipo Poongodi akafungua mdomo. Alisema akiwa anatazama mikono yake.

"Mimi nilijua."

Wakamgeukia.

"Nilikuwa ndani ya hizo herini. Akka aliivua ile mikufu ya kushikiza, nikamwambia zinauma. Nilisikia shangazi aliposema. Nilijua tangu siku ile kwa daktari." Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Nilikuwa mgeni hapa. Mama mkwe alikuwa amekwisha sema, na mimi nilitaka mnipende. Nikasema moyoni, shangazi atanielewa. Kila mwezi nasema, atanielewa."

Alamelu alikuwa amebeba hatia ile akidhani ni yake peke yake. Kujua kwamba mwingine alikuwa ameubeba upande wa pili hakukumpunguzia mzigo. Kulimwongezea, kwa kuwa aliona sasa alichomfanyia binti huyu: si sikio tu, bali kumfundisha kunyamaza siku ya kwanza ya ndoa yake.

"Nitakwenda kumleta," alisema.

"Nani amesema aje?" Rukmani alifoka, lakini akageuka akaingia jikoni, na hakuna aliyemsikia akisema hapana.

Alamelu akachukua bajaji mpaka mtaa wa wafumaji. Visalam alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Alamelu akasimama mbele yake juani, akasema yote, hata yale ya nywele alizobakiza kichwani. Visalam hakuacha kupepeta mpaka Alamelu alipomaliza kusema.

"Sasa mmekuja kunichukua kwa sababu mmegundua sina ulimi mweusi," alisema. "Na kama ningekuwa nao? Mtoto asingekuwa wangu?"

Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Siku ile nilikutazama. Ulijua kwamba nakutazama?"

"Nilijua."

"Ndilo lililoniuma. Rukmani ni mpumbavu, mpumbavu husamehewa. Wewe ulikuwa na akili zako timamu."

"Nisamehe, mama."

"Sijui. Niulize mwakani." Akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka amebadili sari na kuzipaka mafuta nywele zake nyeupe. Bajaji ilikuwa ikingoja, dereva ameshika usukani. Visalam akaipita. "Nina miguu," alisema, akaenda zake barabarani kwa mwendo wa haraka, na Alamelu akalazimika kumfuata kwa miguu vilevile, nyuma kabisa, bajaji ikiwafuata polepole kama msafara wa mazishi ya mtu maskini.

Pale nyumbani wanawake wakampisha Visalam. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemzuia. Poongodi alitaka kusimama, tumbo likamrudisha chini, akanyoosha mkono tu. Visalam akaketi karibu yake, akamshika kidevu, akageuza uso wake upande, akalikagua lile kovu kwa muda mrefu.

"Wameshona ovyo," alisema. "Ulipaka manjano?"

"Hapana, shangazi."

"Ungepaka." Kisha akachagua bangili mbili za kijani kwenye sinia, na mjane yule, ambaye kwa desturi hakupaswa hata kuzigusa, akamvisha mwanawe. Rukmani alichungulia kutoka jikoni, akaona. Akarudi ndani, na sufuria zikasikika zikigongana kuliko ilivyolazimu.

Alamelu alikaa barazani. Hakujua kama bado ni mpambaji aliyeitwa au ni mtu aliyefukuzwa. Baada ya muda mlango ulifunguliwa nusu, mkono ukatoka na jani la mgomba lenye wali wa ndimu na wali wa ukwaju, ukaliweka sakafuni, mlango ukafungwa. Hakuona ni mkono wa nani. Alikula wote.

Mji ukazungumza, kama Ekambaram alivyoogopa. Nyumba nyingi zilikwenda kwa Nirmala moja kwa moja, na zumari la Ekambaram nalo likakaa ukutani siku nyingi za msimu ule. Alinung'unika wiki kadhaa, kisha akaacha. Waliobaki na Alamelu walikuwa watu wa mitaa ya wafumaji, wenye shingo za kawaida na masikio ya kawaida, na aliwapamba kwa uangalifu, akiwauliza wakati wote, "Inauma? Sema kama inauma," mpaka wakamcheka.

Poongodi alijifungua mtoto wa kike. Visalam alihamia pale kumsaidia, akagombana na Rukmani juu ya maji ya kuogea mtoto, juu ya mafuta, juu ya kila kitu, na watu walisema sasa ile imekuwa nyumba. Alamelu aliwaona sokoni mara moja, wanawake wawili wazee na mtoto mmoja, wakibishana kuhusu biringani.

Mwaka ulipotimia, alikwenda kumuuliza.

Visalam alikuwa ameketi barazani na mtoto mapajani.

"Bado," alisema. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka. "Lakini keti. Jua kali."